Sikukuu ya Wazazi Ziwani Nzilo

Tulianzia makaburini. Kwetu Kongo tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, walio hai na waliotangulia, na desturi ni kuwapa marehemu asubuhi na walio hai mchana. Saa kumi na mbili, katika ile baridi ya kiangazi inayowashangaza wageni (Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari), mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeinama juu ya kaburi la baba na mama, tukiling'olea majani makavu. Watoto wake watatu walileta maji kwa kidumu. Tulipaka msalaba chokaa, tukasali, tukanyamaza kidogo. Kisha yule wa katikati, msichana wa miaka tisa, akanivuta kitenge.

"Tantini, sasa ni zamu ya Papa?"

Ndiyo, ilikuwa zamu ya Papa, na ya Mama yao pia. Watoto hawa walikuwa wameweka akiba tangu Pasaka katika kopo la maziwa ya unga, faranga mia, faranga mia mbili, kwa nia moja: kuwapeleka wazazi wao Ziwa Nzilo. Wenzao wa shule walikuwa wamewasimulia kwamba huko kuna bembea, toboga ya kuteleza, mashua, na ngome kubwa ya mpira inayojazwa upepo ili watoto waruke ndani yake. Mimi niliongeza palipopungua, na palipungua sana, lakini wazo lilikuwa lao.

Mdogo wangu ni mchimbaji. Hana mkataba na kampuni yoyote; ni mmoja wa wale tunaowaita krezeri, wanaoshuka shimoni kwa kamba, taa kichwani, nyundo na patasi mkononi, kisha wakapandisha mifuko ya mawe kwa mgongo. Anafanya kazi hiyo Kasulo, mtaa aliozaliwa. Mwaka 2014 mtu mmoja wa mtaani kwetu, akichimba shimo penye nyumba yake, alikuta jiwe jeusi, heterojeniti, lenye kobalti nyingi ndani yake. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. Watu walichimba uani, kisha jikoni, kisha ndani ya vyumba vya kulala. Juu ya mashimo walitandika maturubai, na ukisimama mahali palipoinuka uliuona mtaa mzima umejaa rangi ya waridi na buluu, ungedhani kuna harusi. Mwaka 2017 sehemu moja ilizungushiwa ukuta, mamia ya familia wakalipwa fidia na kuhamishwa, na madini ya ndani ya ukuta yakawa na mnunuzi mmoja. Sisi tulibaki nje ya ukuta, na huku nje mashimo hayakwisha.

Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na bila shaka msomaji ana kipande chake ndani ya betri ya simu. Hilo limeandikwa mara nyingi. Jambo ambalo sijaliona likiandikwa, na ambalo mimi kama mwalimu wa darasa la tatu naliona kila siku saa ya mapumziko, ni jinsi watoto wa Kasulo wanavyocheza. Hawakimbii. Wanatembea haraka, macho chini. Mpira ukitoka nje ya kiwanja hakuna anayeufuata mbio. Mkubwa mmoja huenda polepole, akipapasa kwa mguu, kwa sababu shimo la zamani lililofunikwa mabati na udongo halijionyeshi. Michezo yao wanakaa chini kuicheza. Wanaoupenda zaidi ni wa kununua na kuuza mawe: kopo ni mizani, kipande cha karatasi ni dola, na kila mara mchimbaji hulalamika kwamba amepunjwa kilo.

Mimi sikukua hivyo. Baba yetu alifanya kazi katika kampuni kubwa ya madini ya serikali, na Jumapili alitupeleka kwenye klabu ya wafanyakazi, tuliyoiita serkle. Palikuwa na bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu, na jioni sinema. Nilijifunza kuogelea pale. Halafu kampuni ikadhoofika, mishahara ikachelewa, ikakoma, na mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya elfu kumi wakaondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba alikuwa mmoja wao. Mdogo wangu, niliyemzidi miaka mingi, hakuwahi kuliona bwawa lile likiwa na maji. Alilijua kama shimo lenye vigae.

Saa mbili na nusu tulipanda Hiace tuliyoikodi pamoja na majirani. Wanawake walipakata masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa; miguuni palikuwa na vidumu vya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho bila hicho sherehe Katanga haijakamilika. Barabarani tuliambatana na malori. Yanabeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti hadi mpakani Kasumbalesa, kisha yanaingia Zambia kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban. Mtoto wa kiume, aliye mkubwa, ana miaka kumi na miwili, aliyahesabu mpaka sitini na moja akachoka. Baba yake aliketi dirishani, mikono juu ya magoti, kimya. Sikuzoea kumwona mchana kwa muda mrefu hivyo. Uso wake ulikuwa na mikunjo ambayo taa ya kichwani haikuwa imenionyesha.

Tulipoacha barabara ya malori tukaingia kwenye vumbi, miti ya miombo ikasogea pande zote mbili, majani yake ya kiangazi yamekuwa mekundu kama kutu. Kisha dereva akasema, "Haya, tazameni," na maji yakafunguka mbele yetu.

Getini tulilipa, tukapewa vipande vya karatasi vya rangi, chekundu cha mtu mzima na cha njano cha mtoto. Mbele yetu uwanja wa nyasi uliteremka hadi kwenye mchanga, na baada ya mchanga ni ziwa tu, buluu, hadi vilima vya ng'ambo. Bembea zilikuwa upande wa kushoto chini ya miti. Toboga ya chuma ilipakwa rangi ya bendera. Ngome ya upepo ilisimama katikati ikitikisika kidogo, na muziki ulikuwa umeshaanza. Watoto wa mjini walitupita mbio, viatu mkononi.

Watoto wetu hawakusogea. Walisimama pale kwenye ukingo wa nyasi kama watu waliosimama kando ya mto.

"Tantini," msichana akaniuliza kwa sauti ndogo, "hapa hakuna mashimo?"

Nikamwambia hakuna. Akanitazama kwa heshima, maana mimi ni mwalimu wake pia, lakini hakuniamini. Akageuka kumtazama baba yake. Habari za ardhi anazijua yeye. Na mdogo wangu hakucheka, wala hakumwambia asiwe mjinga. Alitembea hatua kumi ndani ya nyasi, akapiga kisigino chini mara mbili, akainamisha kichwa kusikiliza, kama ninavyomwona akifanya nyuma ya nyumba kila mvua inapokwisha. Akasogea mbele akapiga tena. Akarudi.

"Kimbieni," akasema.

Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kuona watoto wakikimbia vile. Hawakuelekea kwenye bembea wala toboga. Walikimbia tu, huku na huku, duara, kwenda na kurudi, kitinda mimba wa miaka mitano akianguka na kuinuka bila kulia, mkubwa akinyoosha mikono kama ndege. Nusu saa nzima. Ile ngome waliyoiwekea akiba miezi minne ilikuwa pale pale na hawakuitazama.

Mke wa mdogo wangu alitandika mkeka chini ya mti, akalaza kichwa juu ya mkono, akalala. Kasulo yeye huamka saa tisa usiku kukaanga mikate ya kuwauzia wachimbaji wanaopanda na wanaoshuka. Alilala kwa muda wa saa mbili na robo. Watu walimpita, muziki ukapigwa karibu na sikio lake, na hatukumwamsha hadi chakula kilipokuwa tayari: bukari, ambao Waswahili wa pwani wanauita ugali; sombe, yaani kisamvu; na samaki wa ziwani waliochomwa pale pale juu ya makaa. Alipofungua macho aliuliza, "Nani anaangalia watoto?" Akaambiwa, hakuna, wako pale. Akawatazama kwa muda, akalala tena dakika kumi.

Toboga tulipanda wote. Mdogo wangu kwanza alizishika nguzo akazitikisa, akatazama zilivyosimikwa, akamuuliza kijana wa zamu ni saruji kiasi gani iliyoko chini. Kijana hakujua. Akapanda hata hivyo, mwanawe mdogo mapajani, na alipofika chini uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Nilimwona kama alivyokuwa ana miaka sita. Alipanda tena mara nne, mara mbili bila mtoto.

Mchangani watoto walichimba. Nilitarajia hilo. Mkubwa alifanya kama anavyoona nyumbani, shimo jembamba la kwenda chini, na alipofika urefu wa mkono akaanza kutoboa pembeni, njia ya chini kwa chini. Baba yake alikuwa akinywa munkoyo na kuzungumza na jirani. Aliweka kikombe chini, akaenda, akapiga magoti kando yao.

"Muchanga haishikake," alimwambia, kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mchanga haushiki. Udongo mwekundu wa Kasulo unashika kidogo, unakupa muda, mchanga haukupi. Alimwonyesha: akaingiza kidole kwenye kile kinjia, kikamwagika palepale. "Usiingize kichwa. Hata siku moja." Kisha akakaa nao, akapanua lile shimo kwa viganja vyake, likawa pana, la kukaa watoto wawili, mpaka maji ya ziwa yakapenya kutoka chini. Kitinda mimba akaketi humo akipiga maji kwa mikono.

Maji haya yalinifanya nifikirie mengine. Kapata, upande mwingine wa Kolwezi, kuna ziwa dogo la Malo ambako watoto wa umri huu wameonekana kwa miaka wakiosha madini, maji yakiwafika magotini, wakipepeta mawe kwenye vichungi tangu asubuhi. Wanafunzi wangu watatu walifanya kazi hiyo kabla ya kuja kwangu. Mmoja alipotakiwa kuandika insha juu ya ziwa aliandika bei ya gunia.

Baada ya chakula tulikodi mashua kwa nusu saa. Nahodha, mzee wa huko huko, alituketisha wanane na kuwavika watoto maboya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mdogo wangu anaogopa maji. Mtu anayeshuka mita ishirini na tano gizani alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, vidole vikawa vyeupe.

"Yaya," aliniambia taratibu, watoto wasisikie, "hapa hakuna pa kushika."

"Nishike mimi," nikamwambia, na alinishika mkono kama alivyonishika siku niliyompeleka shule mara ya kwanza.

Ili asahau kidogo nilimuuliza mzee habari za ziwa, ingawa nyingine ninazifundisha. Ziwa hili halikuwepo babu zetu walipofika kuchimba shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilijenga bwawa kwenye makorongo ya Nzilo, mahali mto Lualaba unapobanwa na miamba kabla ya kuporomoka kwenda kaskazini. Walilipa jina la Delcommune, msafiri Mbelgiji aliyepita Katanga katika miaka ya 1890. Mitambo minne ikawekwa, yenye uwezo wa megawati 108, na chini zaidi mtoni, pale Nseke, wakaongeza kituo kingine kikubwa kuliko hicho. Mto wenyewe ndio ule unaopita Bukama na Kindu na kufika Kisangani, kisha unaitwa Kongo hadi baharini.

"Umeme ulikuwa wa nani?" mdogo wangu akauliza.

"Wa migodi, papa," mzee akajibu. "Mpaka leo."

Akatazama maji pande zote, mkono wake bado ndani ya wangu. "Kumbe hata hapa tuko juu ya migodi," akasema. Nilitaka kumjibu kitu cha kumtuliza na sikupata. Nyumbani tunawasha mshumaa usiku tatu kwa wiki. Lakini kitinda mimba alikuwa ametumbukiza mkono ziwani akiukata mstari mrefu mweupe nyuma yetu, na baba yake alipouona mstari ule alilegeza vidole, kimoja kimoja.

Ngome waliiendea mwisho, kama saa tisa. Msichana na kaka yake waliingia, mdogo akabaki na mama yake. Ndani walikuwa watoto labda ishirini, wakiruka na kugongana, minara minne ikiyumba juu yao. Mdogo wangu na mimi tuliketi kwenye nyasi, tukitazama. Alikuwa ameanza kunieleza kuhusu toboga, jinsi tumbo linavyobaki juu mwili ukishuka, jenereta ilipozimika.

Kwanza minara iliinama. Kisha kuta zikalegea, na kile kipaa cha mbele kikashuka polepole juu ya watoto, laini, bila kishindo. Watoto wa mjini walipiga kelele za furaha. Kwao hiyo ndiyo sehemu tamu, kufunikwa na kutambaa mpaka nje. Sikuisikia sauti ya msichana wetu. Nikasimama, lakini nilipokuwa nasimama baba yake alikuwa ameshafika.

Aliingia kwa tumbo, akiinua mpira kwa mgongo. Alitoka na mtoto asiye wake, akamweka nyasini, akarudi. Akatoka na mwanawe wa kiume. Akarudi. Wazazi wengine waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja. Mara ya tatu alimtoa binti yake. Alikuwa amejikunja kwenye pembe, magoti kifuani, viganja viwili vimefunika mdomo na pua kama kikombe, ili ibaki nafasi ya pumzi. Amefundishwa hivyo. Kasulo watoto wote wamefundishwa hivyo, na wengine nimewafundisha mimi, Ijumaa, baada ya hesabu.

Kijana wa zamu alikuja mbio, masikini, amejaa aibu. "Papa, ni upepo tu. Ni upepo tu, haina uzito."

"Ninajua," mdogo wangu akasema. Alijua kweli. Alikuwa ameinua mpira ule na kuuona mwepesi kama shuka, na bado magoti yake yalitetemeka, na hakumweka mtoto chini.

Walitia mafuta, jenereta ikakohoa, ikawaka. Tuliitazama ngome ikiinuka: sakafu kwanza, kuta, halafu minara mmoja baada ya mwingine, mpaka bendera ndogo ya juu ikasimama wima. Msichana alitoa viganja usoni. Alitazama kwa makini kabisa, kama anavyotazama ubaoni nikiandika jambo jipya.

"Ikianguka inasimama tena?" akamuuliza yule kijana.

"Kila siku, mama. Jioni tunaiangusha wenyewe, asubuhi tunaisimamisha."

Alifikiri. Akateremka mikononi mwa baba yake, akaenda, akaugusa ukuta kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa bega lote. Akarudi akamshika baba yake mkono na kumvuta. Watu wazima hawaruhusiwi kuingia, imeandikwa pale pale kwa herufi kubwa. Yule kijana alitazama pembeni. Mdogo wangu alivua viatu, akaviweka sambamba kwenye nyasi, akaingia na binti yake, wakaruka. Waliruka mpaka jua likawa limekaa juu ya vilima, na mara moja, jenereta ilipopunguza sauti kwa kitambo, nilimwona msichana akiinua macho juu, akasubiri, akaendelea kuruka.

Kurudi ilikuwa giza. Watoto walilala wakiwa wamerundikana juu ya mapaja ya mama yao, mchanga mikononi na masikioni. Simu ya mdogo wangu ililia mara mbili. Timu yake ilikuwa inashuka alfajiri. "Nitakuwepo," akasema mara zote mbili.

Hiace haiingii ndani kwetu. Inatuacha barabarani, na kutoka hapo mpaka nyumbani tunatembea. Umeme haukuwepo. Mdogo wangu alitoa taa yake ya kichwani mfukoni, akaivaa, akatangulia, mwanga ukilamba ardhi hatua mbili mbele yake. Nyuma yake alifuata mkewe na kitinda mimba mgongoni, kisha mvulana, kisha msichana, kisha mimi. Hakuna aliyewaambia. Watoto walikuwa nusu usingizini, na kila mmoja aliweka mguu wake palepale alipotoa wa mbele yake.